Habari za Glezi na Mikono Iliyoichovya

Mtu apitaye Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, au Mambrui, kaskazini ya Malindi, huona makaburi ya kale yenye nguzo za mawe na chokaa, na katika nguzo hizo mahali palipotiwa sahani na bakuli za kigeni ziwe pambo. Nyingi zimekwisha kung'olewa au kuvunjika, na mahali pake pamebaki shimo tupu. Lakini vigae vilivyosalia vyang'aa hata leo, ingawa vimenyeshewa mvua na kupigwa na upepo wa chumvi kwa miaka mamia. Tena katika magofu ya Manda na Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vigae vya mitungi ya rangi ya samawati na kijani, iliyoletwa na majahazi kutoka nchi za Ghuba ya Uajemi zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Kitu kilichovihifadhi vyombo hivyo ni kioo chembamba, kilichoyeyushwa juu ya udongo kwa moto mkali hata kikashikamana nao kama ngozi na nyama. Wafinyanzi wa Ulaya hukiita glezi, nasi tutalitumia jina hilo katika habari hii.

Wafinyanzi wetu wa asili hawakuitumia glezi. Wanawake wa Kisi, kando ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao husafirishwa mbali kwa mitumbwi, huulainisha udongo kwa mkono na kuuchoma kwa moto wa kuni, basi. Chombo cha namna hiyo ni chema kwa kazi yake; mtungi hupoza maji kwa sababu hutoa jasho. Lakini kisicho na glezi hunywa maziwa na mafuta, wala hakisafishiki kabisa. Ndiyo maana watu wa mataifa mengi walijitaabisha kuitafuta ngozi hiyo ya kioo.

Katika kurasa hizi tumeona vema kueleza jinsi glezi ilivyojaribiwa na kutengenezwa tena na tena katika nchi moja, yaani Uingereza, hasa katika wilaya ya Staffordshire, ambayo watu wake wengi waliishi kwa ufinyanzi. Mtu asidhani kwamba ni habari ya mafundi wa mbali isiyotuhusu. Ndani yake mna swali linalompasa kila atendaye kazi ya mikono na kila anunuaye kazi hiyo: kitu kipya kikisha kufanywa, kipimwe kwa kipimo gani? Wafinyanzi wale walipima uzuri, na uimara, na bei, tena kwa uangalifu wa kustaajabisha. Kipimo kimoja tu kilikawia zaidi ya miaka mia kabla ya kuandikwa katika sheria, nacho ni afya ya mtu aliyekichovya chombo katika glezi.

GLEZI HUFANYWAJE

Asili ya kioo chote ni mchanga mweupe, ambao wanachuo wa elimu ya madawa huuita silika. Lakini silika peke yake haiyeyuki mpaka moto upite digrii 1,700 za Sentigredi, na tanuri la mfinyanzi haliwezi kufika huko. Basi hana budi kuichanganya na kitu kingine cha kuisaidia kuyeyuka. Hapo kila taifa lilishika njia yake. Wachina walipochoma kaure kwa moto wa digrii 1,300 hivi, walitumia chokaa na mawe yaliyosagwa. Watu wa Ghuba ya Uajemi waliokuwa na ile mitungi ya samawati walitumia magadi, pamoja na majivu ya mimea ya jangwani. Lakini wafinyanzi wengi wa Ulaya walishika risasi.

Tusiwalaumu upesi, maana risasi ina sifa nyingi kwa fundi. Huyeyuka kwa moto mdogo, na hivyo huokoa kuni na makaa. Huenea sawasawa, na ikiwa pana kovu au tone katika glezi, hujitandaza hata lisionekane. Huzidisha mng'ao na kuziamsha rangi zilizo chini yake. Zaidi ya hayo husamehe makosa: moto ukizidi kidogo au ukipungua kidogo, chombo hakiharibiki.

Kusamehe makosa ni jambo kubwa, kwa kuwa glezi ina ugomvi mwingi na udongo uliovikwa. Vyote viwili hutanuka motoni na kusinyaa vinapopoa. Glezi ikisinyaa kuliko udongo, hupasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na maji huingia. Udongo ukisinyaa kuliko glezi, glezi hubanduka kama ganda. Moto ukienda haraka, hewa hunaswa ndani na kufanya malengelenge. Fundi aonapo nyufa huongeza silika. Lakini akisha kuiongeza, glezi yataka moto zaidi, na moto zaidi huenda ukapotosha umbo la chombo. Kila dawa huzaa shida mpya. Kwa hiyo hakuna njia ila kujaribu, kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kuandika kilichotokea.

Palikuwapo pia glezi isiyohitaji risasi hata kidogo. Wafinyanzi wa Kijerumani wa mto Rhine walikuwa na desturi ya kutupa chumvi ya kawaida tanurini moto ulipokuwa katika ukali wake. Mvuke wa chumvi ukashikana na silika iliyomo katika udongo, ukawa kioo. Huko Uingereza John Dwight wa Fulham alipata hati ya Serikali ya kufanya vyombo vigumu vya namna hiyo mwaka wa 1672, na baadaye wafinyanzi wa Staffordshire walifanya vyombo vyeupe vya glezi ya chumvi kwa wingi. Lakini uso wake una vidutu vidogo kama ganda la chungwa, na watu walipoonja vyombo laini zaidi waliviacha vile. Neno hili tulikumbuke: glezi isiyo na sumu ilikuwapo mikononi mwao, nao waliiacha kwa ajili ya ulaini.

FUNDI NA DAFTARI LAKE

Kabla ya kufika kwenye risasi, yafaa tutaje mwujiza mdogo wa akili uliohusu vumbi. Wafinyanzi wa Staffordshire waligundua kwamba gumegume likichomwa na kusagwa huufanya udongo uwe mweupe na mgumu. Lakini vumbi lake liliingia mapafuni mwa wasagaji na kuwaua. Mwaka wa 1726 mtu aitwaye Thomas Benson alipata hati kwa mashine ya kusaga gumegume chini ya maji, na mwaka wa 1732 akapata hati ya pili. Katika maombi yake alitaja waziwazi kwamba vumbi lile laangamiza watu. Basi tangu wakati huo ilijulikana kwamba fundi aweza kubadili njia ya kazi ili kuokoa pumzi ya mfanyakazi, na kazi isiharibike kwa hilo.

Zamani wafinyanzi walinyunyiza unga wa madini ya risasi juu ya chombo kibichi. Karibu na mwaka wa 1750 desturi mpya ikaenea, ambayo kwayo husifiwa Enoch Booth wa Tunstall: chombo huchomwa kwanza bila glezi, kisha huchovywa katika maji yaliyokorogwa na unga wa risasi na gumegume, kisha huchomwa mara ya pili. Glezi ikawa sawa pande zote, na kazi ikawa nyepesi. Siku hiyo ndipo ilipozaliwa kazi ya mchovyaji, asimamaye mbele ya pipa tangu asubuhi hata jioni, mikono yake ikiwa imelowa risasi.

Katika mji wa Burslem, mwaka wa 1730, alizaliwa Josiah Wedgwood, mtoto wa mwisho wa mfinyanzi. Ugonjwa wa ndui uliomshika utotoni uliuharibu mguu wake wa kulia, hata asiweze kulikanyaga gurudumu la mfinyanzi kama wengine. Na mwaka wa 1768 mguu huo ulikatwa. Aliyenyimwa mguu alijitia katika kufikiri. Mwaka wa 1754 alifanya ushirika na Thomas Whieldon, fundi mwenye jina, na mwaka wa 1759 akaanza daftari la majaribio yake. Jaribio la 7 katika daftari hilo ni glezi ya kijani, iliyopakwa juu ya chombo cheupe kilichokwisha kuchomwa; nayo ikatumika katika vyombo vilivyofanywa mfano wa majani na matunda ya bustani.

Yatupasa kuutazama utaratibu wake. Kila kigae cha jaribio alikitia namba, na namba hiyo aliiandika daftarini pamoja na viungo na uzito wake. Viungo aliviandika kwa alama za siri, ili mshindani asimwibie. Tena alijua ya kuwa tanuri moja lina mioto mingi: juu kabisa si sawa na chini, wala karibu na mlango si sawa na katikati. Kwa hiyo aliandika hata mahali kigae kilipowekwa, kwa herufi fupi zenye maana ya juu kabisa, au katikati, na kadhalika. Na kwa kuwa fundi wa siku zile alipima moto kwa rangi yake machoni tu, Wedgwood alitengeneza kipimo cha vipande vya udongo ambavyo husinyaa kadiri moto unavyozidi. Kipande kikitolewa, husukumwa katika mfereji mwembamba wenye alama, na mahali kinapokwama ndipo penye hesabu ya moto. Habari za kipimo hicho zilisomwa mbele ya wanachuo wa Royal Society ya London mwaka wa 1782, na mwaka wa 1783 alipokewa kuwa mmoja wao.

Kwa subira hiyo aliiendeleza glezi nyembamba ya rangi ya malai, akaipunguzia umanjano jaribio baada ya jaribio. Mwaka wa 1765 Malkia Charlotte aliagiza vyombo vya chai kwake, na tangu hapo vikaitwa vyombo vya Malkia. Vilikuwa vizuri, vyepesi, tena vya bei ambayo watu wa kadiri waliweza kuifikia. Wahenga walisema, chema chajiuza. Navyo vilijiuza katika Ulaya yote na Marekani. Na katika glezi yake ilikuwamo risasi.

Wedgwood hakuwa mjinga wa hatari hiyo. Mwaka wa 1774 mganga wa Manchester, Thomas Percival, alitoa kitabu juu ya sumu ya risasi, na Wedgwood alikusudia kutafuta glezi isiyo nayo. Lakini alipofariki mwaka wa 1795 mapipa ya wachovyaji yalikuwa yangali na risasi. Huyu ndiye mtu yule yule aliyefanya, mwaka wa 1787, nishani ya mtumwa aliyepiga magoti katika minyororo, akaigawa bure ili kuwaamsha Waingereza wachukie biashara ya watumwa. Hatuandiki haya ili kumfedhehesha. Twaandika kwa sababu yaonyesha jinsi ilivyo rahisi mtu mwema kuiona dhiki iliyo ng'ambo ya bahari, na jinsi ilivyo vigumu kuiondoa ile iliyo katika karakana yake mwenyewe.

BEI YA MNG'AO

Sumu ya risasi ilijulikana tangu kale. Mganga wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, aliyeandika juu ya magonjwa ya wafanyakazi mwaka wa 1700, aliwataja wafinyanzi: mikono yao hutetemeka kwanza, kisha hupooza, meno huwatoka, na nyuso zao huwa za rangi ya risasi yenyewe. Waliokuja nyuma yake waliongeza mengine. Tumbo husokota kwa maumivu makali. Kifundo cha mkono hulegea hata kiganja chaning'inia. Katika ufizi huonekana mstari wa rangi ya buluu, ambao mganga Henry Burton wa London aliueleza mwaka wa 1840. Wengine hupatwa na kifafa, au upofu. Na wanawake huharibu mimba, au huzaa watoto wasioishi.

Njia ya sumu ilikuwa nyepesi mno. Chombo kilichochovywa hukauka, na glezi juu yake huwa unga. Wanawake na wasichana waliokwangua glezi iliyozidi ukingoni waliuvuta unga huo puani. Wachovyaji walikula mkate kwa mikono ile ile. Unga ulikaa katika nywele na aproni, wakaupeleka nyumbani kwa watoto wao. Sisi twasema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa watu hawa maneno hayo yalikuwa kweli tupu, bila fumbo.

Watoto pia walikuwamo. Mwaka wa 1841 Samuel Scriven, aliyetumwa na tume ya Serikali kuchunguza kazi za watoto, alikwenda kutoka karakana hadi karakana huko Staffordshire, akakuta wavulana wakiwasaidia wachovyaji katika vyumba vya kuchovyea. Hata hivyo sheria za viwanda hazikuwafikia wafinyanzi mpaka mwaka wa 1864.

Mtu atauliza, je, hapakuwa na aliyetafuta glezi nyingine? Alikuwapo. Mwaka wa 1820 Society of Arts ya London ilimpa John Rose wa Coalport nishani ya dhahabu kwa sababu ya glezi yake ya kaure isiyo na risasi. Badala ya risasi alitumia jiwe liitwalo feldispa, pamoja na boraksi, mchanga, shura, magadi na udongo mweupe wa Cornwall. Akaviyeyusha pamoja viwe kioo, kisha akakisaga. Glezi yake ilikuwa nzuri, wala haikuwa ndoto ya maabara, maana ilitumika katika biashara. Lakini ilifaa kaure ya bei. Wafanyao sahani za watu wote waliendelea kusema kwamba bila risasi haiwezekani, na wanunuzi hawakuwauliza.

KIPIMO KIPYA

Mambo yalianza kugeuka idadi ya wagonjwa ilipoanza kuandikwa. Sheria ya mwaka wa 1895 iliwalazimisha waganga kuipasha Serikali habari za kila mfanyakazi wa kiwanda aliyeshikwa na sumu ya risasi. Maradhi yaliyokuwa yakifichwa katika nyumba mojamoja yakawa hesabu katika kitabu cha Serikali, na hesabu hiyo ilikuwa ya mamia kila mwaka katika wilaya ya wafinyanzi. Watu wa London hawakuweza tena kusema kwamba hawakujua.

Ndipo walipotokea wateteaji. Gertrude Tuckwell, binti wa kasisi, aliyekuwa mkubwa katika chama cha kuwasaidia wanawake wafanyao kazi, aliandika na kunena juu ya wasichana wa vyumba vya kuchovyea. Millicent, Duchess wa Sutherland, ambaye jumba lake lilikuwa jirani na wilaya hiyo, alitumia cheo chake katika jambo lilo hilo. Wakristo wa chama kiitwacho Christian Social Union, kilichoanzishwa mwaka wa 1889, waliwahimiza watu wanunue vyombo visivyo na risasi, wakisema kwamba anunuaye naye ana sehemu katika dhambi ya kazi mbaya, na hana haki ya kuangalia bei tu.

Mwaka wa 1898 Serikali iliwatuma watu wawili kuchunguza: Edward Thorpe, mkuu wa maabara ya Serikali, na Thomas Oliver, mganga wa Newcastle upon Tyne aliyeyajua sana magonjwa ya risasi. Kazi yao ilikuwa kuitazama glezi kwa jicho ambalo fundi hakulitumia. Mfinyanzi aliuliza, glezi hii yafanya nini tanurini? Wao waliuliza, yafanya nini tumboni mwa mtu?

Jibu lao lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, vyombo vingi vyaweza kufanywa bila risasi kabisa. Pili, pale ambapo risasi yahitajiwa, isitumiwe mbichi. Iyeyushwe kwanza pamoja na silika iwe kioo, kioo hicho kimwagwe majini kikatike vipande, kisha kisagwe na kutiwa katika pipa. Unga wa kioo cha namna hiyo huitwa friti. Risasi mbichi huyeyuka upesi katika asidi ya tumbo, lakini risasi iliyofungwa ndani ya kioo haitoki kwa urahisi.

Hata hapo majaribio yalileta mafunzo yasiyotazamiwa. Si kila friti ilikuwa salama. Ikiwa silika ni chache, kioo ni dhaifu na risasi hutoka. Thorpe akaonyesha kwamba pana kadiri inayopasa kati ya silika na vile viungo vya kuyeyushia, na kadiri hiyo ikipitwa sumu hurudi. Ikaonekana tena kwamba boraksi na risasi zikiyeyushwa katika friti moja, risasi hulegea. Kwa hiyo ni heri risasi iyeyushwe na silika peke yake, na boraksi ifanyiwe friti yake mbali, kisha unga wa friti mbili uchanganywe.

Na kipimo chenyewe kikapata namna ambayo kila maabara yaweza kuifuata. Chukua glezi iliyokaushwa. Itie katika maji yenye asidi ya chumvi, sehemu 0.25 katika kila 100, uzito wa maji ukiwa mara 1,000 ya uzito wa glezi. Yatikise muda wa saa moja, yaache yatulie saa moja, uyachuje, kisha upime risasi iliyoyeyuka. Ikiwa haikupita sehemu 5 katika 100 za uzito wa glezi, yahesabiwa kuwa ya hatari ndogo. Haya ni maneno makavu. Lakini kwa sababu ya maneno hayo makavu wasichana wengi walibaki na nguvu mikononi mwao.

Wenye viwanda hawakukubali upesi. Walisema glezi mpya haing'ai kama ya zamani, na vyombo vya kutupwa vitakuwa vingi, na wageni watawanyang'anya soko. Maneno hayo hayakuwa uongo mtupu. Glezi isiyo na risasi haisamehe makosa. Yataka udongo ulio sawa, moto uliopimwa, na mikono yenye uzoefu. Wafinyanzi walilazimika kuyarudia majaribio yale ya Wedgwood: kuongeza boraksi, kupunguza chokaa, kubadili saa za moto, kuhesabu nyufa na malengelenge, kuandika, na kuanza tena. Na katika miaka hiyo ya ubishi kanuni zilisogea hatua kwa hatua: aproni na mahali pa kunawia, daktari kuwatazama wanawake na vijana kila mwezi, mashabiki ya kuondoa vumbi. Kanuni za mwaka wa 1913 zilieleza wazi ni glezi gani iitwe isiyo na risasi, na ni ipi iitwe ya kuyeyuka kidogo. Mwisho, kanuni za mwaka wa 1947 zilikataza katika viwanda vya Uingereza glezi yo yote isiyokuwa mojawapo ya hizo mbili. Ugonjwa uliokuwa ukiwashika mamia kila mwaka ulikuwa umekwisha kupungua hata wakawa wachache sana. Tangu daftari la Wedgwood kufunguliwa ilikuwa imepita miaka 188.

YATUPASAYO SISI

Sasa twaweza kuyapima mambo haya. Kutoka mwaka wa 1726, Benson alipotia gumegume majini, ilijulikana kwamba kazi yaweza kubadilishwa kwa ajili ya uhai wa mtendaji. Kutoka mwaka wa 1820 ilijulikana kwamba glezi ya kaure bila risasi yawezekana. Elimu haikukosekana. Kilichokosekana ni kuihesabu afya ya mchovyaji kuwa sehemu ya ubora wa chombo. Sahani ikitoka tanurini bila ufa, ilisemwa kuwa njema. Na mtu aliyelala nyumbani hawezi kunyosha vidole hakuandikwa katika daftari lo lote la majaribio. Alipoandikwa, mafundi walipata njia katika miaka michache, maana fundi huweza kutengeneza karibu kila kitu akiambiwa wazi ni kosa gani aliondoe.

Jambo hili halikukwisha duniani. Hata leo katika Mexico, na katika nchi nyingine zenye karakana ndogo za moto mdogo, risasi ingali ikitumika katika glezi, na sumu yake imo katika damu ya wafinyanzi na ya watoto wao. Waganga wa siku hizi wasema kwamba hakijulikani kiasi cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Tena hatari haimwishii mfinyanzi: glezi mbaya ikikutana na ndimu, ukwaju, siki au achari, asidi huitoa risasi na kuitia katika chakula, wala ulimi hauitambui. Basi mwenye chombo cha kale au cha asili isiyojulikana, chenye glezi ing'aayo, na akiweke rafuni kiwe pambo. Achari yake aitie katika chupa.

Na vijana wetu wanaojifunza ufinyanzi wa tanuri, ambao sasa ni wengi katika Afrika ya Mashariki, tungewasihi wafungue daftari kama lile la Wedgwood: namba ya kigae, viungo, uzito, mahali pake tanurini, na jinsi kilivyotoka. Lakini wachore safu moja zaidi, ambayo yeye hakuichora. Katika safu hiyo waandike ni nani aliyekisaga kiungo hiki, ni nani aliyekichovya chombo, na baada ya mwaka mmoja mikono yake iko namna gani.